Mfahamu Marisa Paredes: Mtoto wa bawabu aliyezaliwa mbele ya ukumbi wa maigizo, akaagwa ndani yake

Jumatano ya tarehe 18 Desemba 2024, watu walipanga foleni nje ya Teatro Español, ukumbi mkongwe wa maigizo katikati ya jiji la Madrid, Hispania. Siku hiyo hapakuwa na mchezo wa kuangalia. Walikuja kumuaga Marisa Paredes, mwigizaji wa filamu na jukwaa, aliyefariki siku moja kabla kwa tatizo la moyo akiwa na miaka 78.

Kilichowagusa wengi ni mahali penyewe. Ukumbi huo uko kwenye uwanja unaoitwa Plaza de Santa Ana. Na Marisa alizaliwa hapo hapo uwanjani, mtoto wa mama aliyekuwa bawabu wa moja ya majengo yake. Kutoka mlango wa mama yake hadi mlango wa ukumbi ni hatua chache tu.

Kama umewahi kuangalia Life Is Beautiful, ile filamu ya Roberto Benigni, basi Marisa umeshamwona hata kama jina hukulijua. Yeye ndiye mama mzazi wa Dora, yule mama wa kitajiri mwenye maringo. Lakini hiyo ni sehemu ndogo sana ya kazi zake. Twende taratibu.

NYUMBANI KWA BAWABU

Jina lake kamili ni María Luisa Paredes Bartolomé. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1946. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha El Águila, na mama yake, kama tulivyosema, alikuwa bawabu.

Bawabu wa Madrid enzi zile hakuwa mlinzi wa getini tu. Ndiye aliyefagia ngazi, aliyepokea barua za wapangaji, aliyejua nani kaingia saa ngapi na nani katoka na nani. Familia ilikaa kwenye makazi madogo ya chini, karibu na lango. Wenye hela walikaa juu.

Na Hispania ya mwaka 1946 haikuwa nchi ya raha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha mwaka 1939, na mshindi, Jenerali Francisco Franco, alitawala kwa mkono wa chuma. Chakula kilipatikana kwa kadi za mgao, hali iliyoendelea hadi mwaka 1952. Mtoto wa bawabu hakutegemewa kufika mbali. Shule kidogo, kazi ya mikono, ndoa, basi.

Ila mbele ya macho yake kulikuwa na Teatro Español. Mahali hapo pamekuwa pakichezwa maigizo tangu mwaka 1583, yaani tangu enzi ambazo watu walisimama kwenye ua wa wazi kuangalia. Binti alikua akiwaona waigizaji wakipita, wanaingia, wanatoka, wamevaa vizuri, wanaongea kwa sauti za kujiamini. Akasema moyoni, na mimi nataka ile.

KAZINI AKIWA NA MIAKA 14

Hakusubiri awe mkubwa. Mwaka 1960, akiwa na miaka 14, alionekana kwenye filamu ya polisi iitwayo 091, policía al habla, iliyoongozwa na José María Forqué. Nafasi ilikuwa ndogo mno, ukipepesa macho imekupita. Mwaka uliofuata akapanda jukwaani na kundi la Conchita Montes, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Madrid wakati huo. Alipata pia masomo ya uigizaji hapo hapo jijini.

Ukisoma haraka unaweza kudhani ametoboa. Hapana, msoto ndio ulikuwa unaanza.

MIAKA YA MSOTO

Chini ya Franco, kila muswada wa filamu ulipitiwa na wadhibiti wa serikali kabla ya kupigwa picha. Busu likizidi, linakatwa. Neno likigusa kanisa au jeshi, linafutwa. Mfano mzuri ni El mundo sigue ya Fernando Fernán Gómez, ambayo Marisa alipata nafasi ndogo. Ilionyesha maisha magumu ya familia ya Madrid bila kupaka rangi. Wadhibiti hawakuipenda. Ilipigwa picha mwaka 1963, ikatolewa kimya kimya mwaka 1965, karibu mtu asiione. Ilirudi kwenye kumbi za sinema mwaka 2015, nusu karne baadaye, na wengi wakashangaa kumbe walikuwa wamefichwa kazi nzito namna ile.

Kwa mwanamke mambo yalikuwa mazito zaidi. Hadi Mei 1975, sheria ya Hispania ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe ili afanye kazi au afungue akaunti benki. Hebu fikiria kuwa mwigizaji wa kike katika nchi ya namna hiyo.

Marisa aliokolewa na runinga na jukwaa. Runinga ya taifa, TVE, ilikuwa na kipindi kiitwacho Estudio 1 kilichorusha michezo ya kuigiza. Wahispania wasiokuwa na nauli ya kwenda ukumbini waliangalia Shakespeare na Chekhov sebuleni. Marisa alicheza humo mara nyingi katika miaka ya 1960 na 1970. Ndiyo ilikuwa chuo chake. Unahifadhi maneno mengi kwa muda mfupi, unajifunza kusimama, kunyamaza, na kuitumia ile sauti yake nzito ambayo baadaye ingekuwa alama yake.

Mwaka 1975 alimzaa binti, María Isasi, aliyezaa na mwongozaji wa filamu Antonio Isasi-Isasmendi. María naye leo ni mwigizaji. Mwaka huo huo, tarehe 20 Novemba, Franco akafariki. Nchi ikaanza kupumua.

Marisa alikuwa na miaka 29. Alikuwa kazini kwa miaka 15, na bado jina lake halikuwa la kuuza tiketi.

SISTA SAMADI

Miaka ya mwanzo ya 1980, Madrid ililipuka kwa muziki, mavazi na filamu za kichaa. Vijana walitaka kufidia miaka yote waliyonyamazishwa. Kati yao alikuwepo Pedro Almodóvar, kijana kutoka mkoani aliyefanya kazi kampuni ya simu mchana na kutengeneza filamu kwa muda wake.

Kabla ya hapo Marisa alikuwa ameshaonekana kwenye Ópera prima ya Fernando Trueba, ya mwaka 1980, moja ya filamu zilizofungua enzi mpya. Mwaka 1983 Almodóvar akamchukua kwenye Entre tinieblas.

Filamu yenyewe si mchezo. Ni nyumba ya masista ambao, ili kujinyenyekesha, wamepewa majina ya kudhalilisha. Kuna Sista Nyoka, kuna Sista Panya wa Uchochoroni, na Marisa ndiye Sista Samadi, mtawa anayejitesa kwa toba na kuona maono. Miaka kumi nyuma filamu hiyo isingepita hata kwenye meza ya kwanza ya wadhibiti. Marisa hakuicheza kama kichekesho cha kumbeza mtawa. Alimcheza mwanamke anayeamini kabisa anachokifanya, na hapo ndipo mtazamaji anacheka na kuumia kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo nafasi kubwa za Almodóvar zilikwenda kwa Carmen Maura kwa miaka kadhaa. Marisa aliendelea na wengine. Katika Tras el cristal ya Agustí Villaronga alicheza mke wa daktari wa Kinazi aliyepooza, filamu ya giza sana ambayo mpaka leo si ya kila mtu. Kwa nafasi yake kwenye Cara de acelga ya José Sacristán, ya mwaka 1987, aliteuliwa kuwania Goya, tuzo kubwa ya sinema ya Hispania, kama mwigizaji msaidizi. Hakushinda.

ALITOBOA AKIWA NA MIAKA 45

Kwenye filamu, mwigizaji wa kike akishavuka miaka 40 mara nyingi anaambiwa kwa heshima kwamba sasa atacheza shangazi. Kwa Marisa ilikuwa kinyume. Mwaka 1991 Almodóvar alimrudia na nafasi ya Becky del Páramo kwenye Tacones lejanos, yaani Visigino vya Mbali.

Becky ni mwimbaji maarufu anayerudi Madrid baada ya miaka mingi Mexico. Alimwacha binti yake akiwa mdogo ili afuate muziki. Sasa binti, anayechezwa na Victoria Abril, ni mtangazaji wa habari kwenye runinga, na ameolewa na mwanaume aliyewahi kuwa mpenzi wa mama yake. Mwanaume anauawa. Nani kamuua? Hapo sikumalizii uhondo.

Ila kuna jambo moja lazima nikwambie. Ndani ya filamu, Becky anarudi kuishi kwenye nyumba ya chini, ya dirisha linaloona miguu ya wapita njia, kwa sababu ndipo alipozaliwa. Wazazi wake walikuwa mabawabu. Kwa hiyo mtoto wa bawabu wa Plaza de Santa Ana alikuwa anamcheza nyota mtoto wa mabawabu. Ukilijua hilo, huwezi kuziangalia zile sehemu za nyumba ya chini kwa jicho lile lile.

Kuna na pale Becky anaporudi jukwaani. Anapiga magoti, anabusu sakafu, anaacha alama ya rangi ya mdomo, na chozi linadondoka juu yake. Sauti ya wimbo ni ya mwimbaji Luz Casal, lakini uso ni wa Marisa, na uso ndio unaobeba kila kitu. Filamu ilipendwa sana Ufaransa, ikashinda tuzo ya César ya filamu bora ya nje mwaka 1993.

Alikuwa na miaka 45 filamu hiyo ilipotoka. Miaka 31 tangu nafasi ya kwanza.

LEO NA HUMA

Mwaka 1995 Almodóvar alimpa filamu nzima aibebe mgongoni. La flor de mi secreto inamhusu Leo, mwandishi wa riwaya za mapenzi anayetumia jina la uongo. Vitabu vinauzwa, ila ndoa yake na mwanajeshi inakufa, na hawezi tena kuandika mapenzi yenye mwisho mwema.

Mwanzoni tu Leo anavaa viatu alivyozawadiwa na mumewe. Vinabana. Hawezi kuvivua peke yake, na mume hayupo. Anazunguka jiji zima kumtafuta rafiki amsaidie kuvua viatu. Ni jambo dogo, hata la kuchekesha, lakini ukimwangalia Marisa unaelewa ndoa nzima bila mtu kukueleza. Aliteuliwa tena kuwania Goya, safari hii kama mwigizaji bora wa kike. Hakushinda pia. Ila mwaka 1996 serikali ya Hispania ilimpa Tuzo ya Taifa ya Sinema.

Halafu ikaja Todo sobre mi madre, mwaka 1999. Hapa Marisa ni Huma Rojo, mwigizaji mkubwa wa jukwaani. Jina Huma limetokana na neno la Kihispania la moshi, kwa sababu alianza kuvuta sigara akimuiga Bette Davis. Usiku wa mvua, kijana anayempenda anakimbilia gari lake apate saini, anagongwa, anafariki. Mama wa kijana, anayechezwa na Cecilia Roth, anaishia kufanya kazi chumba cha kuvalia cha Huma.

Ingekuwa rahisi kumcheza Huma kama nyota anayejisikia. Marisa akamfanya mtu mpweke, mwenye kumpenda binti mwenzake mtumiaji wa dawa za kulevya, na anayesema bila aibu kwamba anahitaji msaada. Mwaka 2000 filamu ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Na mwaka mmoja nyuma yake, 1999, tuzo hiyo hiyo ilikwenda kwa Life Is Beautiful. Maana yake, kwa miaka miwili mfululizo filamu iliyoshinda Oscar ya lugha ya kigeni ilikuwa na Marisa Paredes ndani yake. Si wengi wanaoweza kusema hivyo.

NJE YA MIPAKA

Watu humwita "msichana wa Almodóvar", lakini jina hilo linambana kama vile viatu vya Leo. Ukihesabu na ile Hable con ella ambayo alipita kidogo tu, alionekana kwenye filamu sita za mwongozaji huyo. Kazi zake kwa jumla ni nyingi kuliko hizo kwa mbali.

Huko Mexico alifanya kazi na Arturo Ripstein kwenye Profundo carmesí, kisha El coronel no tiene quien le escriba, iliyotokana na kitabu cha Gabriel García Márquez. Humo ni mke wa mwanajeshi mstaafu anayesubiri barua ya pensheni isiyokuja, huku ndani hakuna chakula. Mtoto wa enzi za kadi za mgao alijua njaa inakaaje mezani.

Ufaransa alicheza na Marcello Mastroianni katika filamu ya Raúl Ruiz. Ureno alifanya kazi na mzee Manoel de Oliveira.

Mwaka 2001 Guillermo del Toro alimpa nafasi ambayo vijana wapenzi wa filamu za kutisha wanaikumbuka zaidi: Carmen, mkuu wa kituo cha yatima kwenye El espinazo del diablo. Ni mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania. Carmen ana mguu wa bandia, na dhahabu ya upande ulioshindwa ameificha kwenye mguu huo. Anatembea na siri yake, kila hatua inauma. Kuna mzimu ndani ya filamu, ila wanaotisha zaidi ni watu walio hai.

USIKU WA "HAPANA KWA VITA"

Mwaka 2000 wasanii wenzake walimchagua kuwa rais wa Akademia ya Sinema ya Hispania, chombo kinachotoa tuzo za Goya. Kwa kawaida ni cheo cha kutabasamu na kukata utepe. Yeye kikamkuta kwenye moto.

Tarehe 1 Februari 2003 zilifanyika sherehe za Goya. Marekani ilikuwa inajiandaa kuivamia Iraq, na Waziri Mkuu wa Hispania, José María Aznar, alikuwa upande wa Marekani. Wananchi wengi walipinga. Usiku ule wasanii walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine wakiwa na vibandiko vifuani vyenye maneno "No a la guerra", hapana kwa vita. Yote yalikwenda moja kwa moja kwenye runinga ya taifa, na waziri wa utamaduni alikuwa amekaa ukumbini anaangalia.

Kama rais, Marisa angeweza kusoma hotuba ya kawaida na kurudi kukaa. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba utamaduni, uhuru wa kusema na utani si vitu vya kumwogopesha mtu. Cha kuogopa ni ujinga, na cha kuogopa ni vita.

Usichukulie jambo hilo kirahisi. Sinema ya Hispania inasaidiwa kwa ruzuku ya serikali, na aliyesimama pale alikuwa anaongea kwa niaba ya watu ambao mkate wao unapitia mikononi mwa waliokuwa wakikosolewa. Chama tawala kilikasirika, na wasanii wakashambuliwa kwa miezi, wakiambiwa wakae kwenye kazi yao. Majuma mawili baadaye, tarehe 15 Februari, mamia ya maelfu ya watu walijaa mitaani Madrid na Barcelona wakipaza maneno yale yale. Vita vilianza Machi hata hivyo. Marisa aliondoka kwenye urais mwaka huo wa 2003.

Aliyekulia kwenye nchi ambayo neno moja lingeweza kufungia filamu alijua thamani ya kusema. Hadi mwisho wa maisha yake hakuwahi kuficha upande aliosimama kisiasa, na wapo waliompenda kwa hilo na wapo waliomchukia.

KURUDI JUKWAANI

Jukwaa hakuliacha. Mwaka 2006 alicheza Malkia Gertrude, mama yake Hamlet, kwenye mchezo ulioongozwa na Lluís Pasqual, na Eduard Fernández akiwa Hamlet.

Mwaka 2008 alicheza Sonata de otoño, iliyotokana na filamu ya Ingmar Bergman, chini ya mwongozaji José Carlos Plaza. Ni habari ya mpiga piano maarufu na binti aliyemtelekeza kwa ajili ya muziki. Inakukumbusha kitu? Ndiyo, kwenye Tacones lejanos binti wa Becky anaitaja filamu hiyo hiyo ya Bergman kumweleza mama yake jinsi alivyomuumiza. Miaka 17 baadaye Marisa akasimama jukwaani kuwa mama yule.

Mwishoni mwa 2013 alicheza mchezo wa Martin McDonagh, El cojo de Inishmaan, akiwa mmoja wa mashangazi wawili wanaomlea kijana mlemavu kisiwani Ireland. Shangazi mwingine alikuwa Terele Pávez, gwiji mwenzake. Na mchezo huo ulifanyika wapi? Teatro Español, pale pale Plaza de Santa Ana. Alikuwa na miaka 67.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, Almodóvar alikuwa amemrudisha tena kwenye La piel que habito, akicheza na Antonio Banderas. Humo ni Marilia, mtunza nyumba anayejua siri zote za nyumba hiyo.

GOYA YA HESHIMA

Tukumbushane: mwanamke huyu aliteuliwa kuwania Goya mara mbili tu, na mara zote mbili alirudi nyumbani mikono mitupu. Huma Rojo hakuteuliwa. Becky del Páramo hakuteuliwa.

Mwaka 2018 Akademia ilimpa Goya ya Heshima, ile inayotolewa kwa kazi ya maisha yote. Ulikuwa usiku ambao wasanii wengi walishika vipepeo vyekundu vya mkononi kudai wanawake wapewe nafasi zaidi kwenye filamu. Marisa alipokea tuzo mbele ya ukumbi uliosimama. Alikuwa amesubiri miaka 58 tangu siku ile ya filamu ya polisi.

MWISHO WA SAFARI

Kwa zaidi ya miaka 40 aliishi na mwenzi wake Chema Prado, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa Filmoteca Española, taasisi inayohifadhi filamu za nchi hiyo. Alifariki Madrid tarehe 17 Desemba 2024. Kifo kilikuwa cha ghafla. Wengi walikuwa hawajui kama anaumwa.

Siku iliyofuata milango ya Teatro Español ilifunguliwa. Walikuja wasanii, viongozi wa serikali akiwemo Waziri Mkuu Pedro Sánchez, na Almodóvar mwenyewe. Ila foleni kubwa ilikuwa ya watu wa kawaida, wale ambao majina yao hayaandikwi kwenye mabango. Uwanjani mbele ya ukumbi kuna sanamu ya mshairi Federico García Lorca. Nyuma yake ni majengo ya ghorofa, na moja kati ya hayo lilikuwa na bawabu mwenye binti aliyependa kuangalia waigizaji wakipita.

KWA UFUPI

• Jina kamili: María Luisa Paredes Bartolomé
• Kuzaliwa: 3 Aprili 1946, Madrid
• Kufariki: 17 Desemba 2024, Madrid
• Filamu ya kwanza: 1960
• Jukwaa: kuanzia 1961
• Tuzo ya Taifa ya Sinema: 1996
• Rais wa Akademia ya Sinema: 2000 hadi 2003
• Goya ya Heshima: 2018
• Mtoto: María Isasi, mwigizaji

UANZE NA IPI?

Kama hujawahi kuangalia kazi zake na una jioni moja tu, anza na Todo sobre mi madre. Ukiipenda, fuata Tacones lejanos, na ukifika kwenye nyumba ile ya chini yenye dirisha la miguu, kumbuka alikotoka. Ukitaka ya kutisha, ingia El espinazo del diablo. Na kama moyo wako umechoka na mapenzi, La flor de mi secreto inakufaa. Andaa leso tu.